Jinsi ya Kupima Wino Mweusi wa Printa: Pigmenti, Rangi ya Kuyeyuka, au Vyote Viwili?

Kosa linajirudia kwa sura mbili. Mtu kanunua seti ya wino wa picha za nyeusi na nyeupe, yaani chupa ya nyeusi na chupa za kijivu, kaambiwa ni kaboni tupu: punje nyeusi kama za masizi, zisizoyeyuka majini. Anadondosha tone kwenye karatasi ya chujio, tone linatawanyika, anahitimisha kwamba kadanganywa. Mwingine anamwagia maji picha yake iliyokauka, haivuji, analala usingizi mnono. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, tena kwa sababu ileile: hawakuwa na wino mwingine wa kulinganishia, na waliuliza jaribio moja lijibu maswali manne.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitupa chupa ya wino mzuri kwa sababu ya tone ambalo sikulisubiri likauke. Mwongozo huu umepangwa ili hilo lisikupate.

## Unachotafuta hasa

Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari kwenye chai. Kwenye chupa nyingi huandikwa Dye. Kuna wino ambao rangi yake ni punje ngumu zinazoelea bila kuyeyuka, na huo huandikwa Pigment. Molekuli ya rangi ya kuyeyuka ina upana wa nanometa moja au mbili hivi. Punje ya pigmenti ya printa huwa karibu na nanometa 100. Tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo inayofanya majaribio mengi hapa chini yawezekane.

Sampuli yako inaweza kuwa mojawapo ya hizi:

- kaboni peke yake;
- kaboni iliyoongezwa pigmenti za rangi, kwa kawaida bluu na majenta, ili kijivu kisielekee kwenye kahawia;
- pigmenti iliyochanganywa na rangi ya kuyeyuka;
- rangi ya kuyeyuka tupu.

Ya kwanza na ya nne hutambulika kwa urahisi. Ya tatu ndiyo sumbufu, kwa sababu hufaulu nusu ya kila jaribio.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla ya kufungua chupa yoyote.

- Vichujio vya karatasi vya kahawa, vyeupe.
- Karatasi ya kawaida ya ofisini, isiyo ya picha.
- Maji yaliyokenekwa, zaidi kidogo ya nusu lita kwa kila wino. Maji ya kuongezea kwenye betri yanafaa, mradi ni maji na si asidi.
- Glasi au mitungi myembamba ya kioo, safi na isiyo na michoro.
- Vitoneshi au mabomba madogo ya sindano, kimoja kwa kila wino.
- Kitochi cha leza nyekundu, kile cha kuelekezea ubaoni.
- Chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesiamu.
- Pombe ya isopropili.
- Blichi ya kawaida ya nyumbani, yenye hipokloriti ya sodiamu, isiyoongezwa manukato.
- Penseli, mkasi, rula, karatasi ya alumini, glavu na miwani ya kinga.

Kisha vinahitajika wino za kulinganishia, na hapa usibanie. Unahitaji tatu.

Ya kwanza ni nyeusi ambayo una hakika ni pigmenti. Ya pili ni nyeusi ambayo una hakika ni rangi ya kuyeyuka. Printa nyingi za Canon PIXMA zenye katriji tano hubeba zote mbili: ile kubwa iliyoandikwa PGBK ni pigmenti ya maandishi, na ile ndogo ya BK ni rangi ya kuyeyuka ya picha. Kwa upande wa Epson, wino wa DURABrite Ultra ni wa pigmenti na wa Claria Photo HD ni wa kuyeyuka.

Ya tatu utaitengeneza mwenyewe: matone 9 ya pigmenti na tone 1 la rangi ya kuyeyuka, ndani ya kikombe kidogo. Huyu ni mwizi uliyemtia ndani kwa mkono wako. Jaribio likishindwa kumwona yeye, ambaye unajua yumo, halitamwona mwingine ndani ya chupa ya muuzaji. Mchanganyiko huu usiurudishe kwenye chupa wala katriji. Wino za aina mbili zikikutana zinaweza kuganda na kuziba kichwa cha printa.

## Hatua ya 1: Tayarisha sampuli

Pindua chupa juu chini polepole mara 20. Pigmenti hutulia chini chupa ikikaa, na ukichota juujuu utapima maji yenye rangi kidogo. Usiitikise kwa nguvu, povu litakusumbua.

Ipe kila sampuli namba na uandike namba kwenye kila karatasi na kila glasi. Baada ya saa moja nyeusi zote hufanana.

Tengeneza pia toleo jepesi la kila wino: tone 1 kwa matone 20 ya maji yaliyokenekwa. Tone la wino mzito linaweza kupoteza sehemu ya kumi ya rangi yake na bado jicho likaliona jeusi tititi. Kwenye kijivu chepesi upungufu huohuo unaonekana mara moja. Wanaosema "nimejaribu blichi, hakuna kilichobadilika" mara nyingi walijaribu kwenye doa jeusi tu.

## Hatua ya 2: Mwali wa leza

Anza na hili kwa sababu ni la dakika tano na utalihitaji tena baadaye.

Jaza glasi maji yaliyokenekwa. Zima taa, piga leza ubavuni mwa glasi na utazame kwa upande. Maji matupu yanapaswa kupitisha mwali bila njia yake kuonekana, au ionekane kwa shida sana. Ukiona mstari mkali, maji yako yana uchafu; badilisha.

Sasa tia tone 1 la wino kwenye nusu lita ya maji, koroga, na upige tena. Kama mwali unakufa kabla ya kufika upande wa pili, wino bado ni mzito. Punguza hadi maji yawe na kivuli hafifu tu.

Mafanikio yanavyoonekana: kwenye wino wa pigmenti unaojulikana, njia ya mwali inang'aa kama mwanga wa jua unaopenya dirishani kwenye chumba chenye vumbi. Punje zinatawanya mwanga. Kwenye wino wa kuyeyuka, maji yana rangi lakini njia ya mwali haionekani.

Jaribio hili linakuambia kama kuna punje. Halikuambii kama hakuna rangi ya kuyeyuka pembeni yake. Mchanganyiko wako wa 9 kwa 1 utaonyesha mwali vilevile kama pigmenti safi, na ni vizuri ulione hilo kwa macho yako.

Tahadhari: usitazame leza wala mrudisho wake kwenye kioo. Leza ya kijani pia hufanya kazi, lakini baadhi ya rangi nyekundu za kuyeyuka hung'aa zenyewe zikipigwa nayo. Ukiona mstari wa chungwa kutoka kwenye leza ya kijani, hizo si punje.

## Hatua ya 3: Utepe wa karatasi

Hili ndilo jaribio maarufu na ndilo linalokosewa zaidi.

Kata kichujio kiwe tepe za sentimita 2 kwa 12. Chora mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini. Tumia penseli tu, kwa kuwa wino wa kalamu utapanda pamoja na sampuli. Weka tone dogo kabisa katikati ya mstari, lisizidi punje ya mtama. Kwa wino za kijivu, weka tone, acha likauke, ongeza jingine juu yake, mara 4 au 5.

Kisha subiri, ikiwezekana usiku kucha. Wino wa printa una glikoli na vimiminika vingine vinavyouzuia kukauka ndani ya kichwa cha printa, kwa hiyo doa linaloonekana kavu baada ya dakika kumi bado ni bichi. Pigmenti ikiwa bichi huogelea na maji kama kawaida, na ndiyo maana tone la yule ndugu wa mwanzo lilitawanyika. Ikishakauka, punje hushikana zenyewe kwa zenyewe na kujishika kwenye nyuzi.

Asubuhi, ning'iniza utepe ndani ya glasi yenye maji ya kina cha sentimita 1. Maji yaguse ncha ya utepe, yasiguse doa. Doa likizama, wino utaosheka kwenda chini na jaribio limekufa. Acha maji yapande hadi yabakize sentimita 2 kufika juu, toa utepe, ulaze ukauke.

Tengeneza seti ya pili ya tepe, na hiyo uitie kwenye mchanganyiko wa maji na pombe ya isopropili, nusu kwa nusu. Kuna rangi nyeusi za kuyeyuka zilizotengenezwa makusudi zishike nyuzi za pamba na karatasi. Kwenye maji matupu hizo hukaa pale zilipo zikijifanya pigmenti. Pombe mara nyingi huzibandua.

Namna ya kusoma:

- Doa limebaki palepale, juu yake karatasi ni nyeupe kwenye seti zote mbili: dalili nzuri ya pigmenti.
- Rangi zimeachana kuwa bluu, majenta, manjano au chungwa: rangi ya kuyeyuka, tena ya mchanganyiko.
- Mkia mmoja wa zambarau au bluu iliyoiva umepanda bila kuachana: rangi ya kuyeyuka ya aina moja.
- Doa limebaki na juu yake kuna mkia hafifu wenye rangi tofauti na doa: washuku mchanganyiko.
- Doa limebaki na mkia ni wa kijivu kilekile cha doa: inawezekana ni punje ndogo zilizochukuliwa na maji. Usihukumu bado.

Hilo la mwisho huwachanganya hata wazoefu. Baadhi ya kaboni za kisasa hufanywa zielee zenyewe bila msaada wa kemikali ya kuzitawanya, na kidogo yake huweza kuamka tena baada ya kukauka. Ulinganishe utepe huo na ule wa PGBK. Kisha nenda hatua ya 4, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua.

## Hatua ya 4: Gandisha, chuja, angalia kilichopita

Ningebakiwa na jaribio moja tu, ningechagua hili.

Punje za pigmenti hazizami haraka kwa sababu zina chaji ya umeme ya aina moja, hivyo zinasukumana. Magnesiamu huiua chaji hiyo. Punje zikiacha kusukumana hugandana na kuwa mabonge ambayo karatasi inaweza kuyanasa. Rangi iliyoyeyuka, kwa kiwango hiki cha chumvi, kwa kawaida hubaki ndani ya maji na kupita.

Yeyusha vijiko 2 vya chai vya chumvi ya Epsom kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Gawa kwenye mitungi miwili ili kila mmoja uwe na mililita 50, na utie matone 5 ya wino mmoja katika kila mtungi. Rudia kwa sampuli zote, pamoja na zile tatu za kulinganishia. Koroga, funika, acha hadi kesho.

Siku ya pili, pigmenti inayojulikana itakuwa imeshuka chini kama matope na maji ya juu yamepauka. Pitisha maji kwenye vichujio viwili vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine. Mimina polepole, ukiacha matope yaje mwisho.

Sasa tazama maji yaliyopita, mtungi ukiwa mbele ya karatasi nyeupe:

- Hayana rangi. Hakuna rangi ya kuyeyuka ya kiasi cha kuonekana.
- Yana rangi. Rudi kwenye leza. Mwali ukionekana, ni punje zilizoponyoka. Chuja tena au subiri siku nyingine. Mwali usipoonekana ilhali maji yana rangi, umemkamata: hiyo ni rangi ya kuyeyuka.

Maji ya mchanganyiko wako wa 9 kwa 1 yanapaswa kutoka na rangi bayana. Yakitoka meupe, rangi yako ya kuyeyuka imeganda pamoja na pigmenti, na jaribio hili haliwezi kukuamulia kwa rangi ya aina hiyo. Punguza chumvi iwe nusu na urudie.

Kuna jambo jingine. Pigmenti nyingine hulindwa kwa utando mnene wa polima badala ya chaji, na magnesiamu haizibabaishi. Kama siku mbili zimepita na hakuna kilichoshuka, lakini leza inaonyesha punje, jaribio limekaa kimya. Usilisemee.

## Hatua ya 5: Blichi

Kaboni haijali blichi ya nyumbani. Rangi nyingi za kuyeyuka huijali sana.

Tahadhari kwanza. Ondoa mezani pombe ya hatua ya 3, siki na kitu chochote chenye amonia. Blichi ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa kloramini. Na pombe pia huzaa kemikali zenye sumu. Kwa hiyo usitumie tepe za pombe katika hatua hii. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha.

Paka wino mzito na toleo lake jepesi kwenye karatasi ya kawaida, kila sampuli ukanda wake, na ukauke usiku mzima. Usitumie karatasi ya picha, kwa sababu tabaka lake limewekewa kemikali za kushika rangi ya kuyeyuka. Hiyo ndiyo sababu ile picha iliyomwagiwa maji haikuvuja. Karatasi ndiyo iliyofaulu mtihani, si wino.

Changanya blichi na maji kwa kiasi sawa. Chovya nusu ya kila ukanda kwa dakika 10, suuza kwenye maji mengi, anika.

Linganisha nusu iliyochovywa na nusu kavu. Wino wa kuyeyuka kwa kawaida hufifia hadi manjano, kahawia au karibu na nyeupe. Kaboni hubaki. Mchanganyiko hupungua weusi na kubadili kivuli, na hapo ndipo ule ukanda mwepesi unapolipa gharama yake.

Mitego ni miwili. Karatasi yenyewe inaweza kugeuka manjano, kwa kuwa blichi huua king'arishi kilichotiwa kiwandani. Basi tazama wino, usitazame mandharinyuma. Pili, pigmenti za rangi kama bluu ya fthalosianini na majenta ya kwinakridoni ni sugu, dakika kumi hazizitikisi. Kutobadilika hakumaanishi "kaboni peke yake".

## Hatua ya 6: Soma kivuli cha kijivu

Hili ni la macho tu. Paka matoleo mepesi kwenye karatasi ileile, moja kando ya jingine, uyatazame kwa mwanga wa mchana yakiwa makavu.

Kaboni tupu ikipunguzwa huelekea kwenye kahawia, kwa sababu punje ndogo hivyo hunyonya bluu zaidi ya nyekundu. Kijivu kisichoegemea popote, au chenye ubaridi wa bluu, kimesaidiwa na rangi nyingine. Iwapo hatua ya 3 na ya 4 zimetoka safi, msaada huo ni pigmenti na hakuna aliyekudanganya isipokuwa chupa iwe imeandikwa kaboni tupu. Iwapo maji ya hatua ya 4 yalitoka na bluu au zambarau, basi kijivu chako kinanyooshwa na rangi ya kuyeyuka.

Nyingi ya wino "za pigmenti" zenye matatizo huangukia hapa: nyeusi nzito ni kaboni halali, lakini kijivu chepesi kimetiwa rangi ya kuyeyuka ili kipendeze. Kwa hiyo pima kila chupa ya seti. Usipime nyeusi ukazihukumu chupa za kijivu kwa jina lake.

## Hatua ya 7: Dirishani

Kama unachapa picha za kuuza au za kutunza, malizia na jua. Chapa ngazi ya kijivu kuanzia nyeupe hadi nyeusi kwenye karatasi unayotumia kweli. Funika nusu kwa karatasi ya alumini, ibandike dirishani panapopigwa na jua, na kando yake weka chapa ya wino wa kuyeyuka unaojulikana.

Hapa karatasi ya picha inaruhusiwa, kwani sasa unapima picha nzima. Karatasi za picha zenye vinyweleo huingiza hewa, na ozoni hufifisha rangi ya kuyeyuka hata bila jua, kwa hiyo weka pia nakala moja wazi ndani ya chumba chenye kivuli.

Usihesabu wiki. Subiri hadi chapa ya kulinganishia ififie waziwazi, ndipo ufunue alumini kwenye sampuli zote siku moja. Tazama kwanza ngazi nyepesi, na uangalie kama kivuli kimehama kabla ya kuangalia kama weusi umepungua. Kijivu kilichoanza bila kuegemea popote kisha kikawa cha kahawia au kijani kimepoteza mmoja wa wenzake. Andika tarehe na namba ya sampuli nyuma ya ukanda, uziweke pamoja na tepe za hatua ya 3. Chupa mpya ya wino huohuo ikifika, zitoe uanze tena hatua ya 2.